Vioo Sita vya Marehemu Arthur Egesa Maloba

Mchungaji, wazee wa ukoo, mama yetu Loy, wifi yangu Patience na watoto, ndugu zetu wa Masinya, wakwe zetu mliotoka Kirewa, madereva mlioacha malori kwenye foleni ya Malaba mkaja kwa pikipiki, na majirani wote, mimi ni Harriet, dada mdogo wa marehemu, na familia imeniagiza niwasomee maisha yake kabla hajatolewa ndani ya nyumba hii iliyo nyuma yangu. Nitafuata mpangilio tuliouzoea, kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, lakini nawaomba subira kwenye sehemu ya kazi, kwa sababu tangu jana wengi wenu mmekuwa mkiuliza kwa nini Edimu, aliyefanya kazi na Arthur mjini Tororo, amekaa chini ya dirisha na hataki kula. Arthur aliacha vioo sita. Vioo hivyo ndivyo alivyovitolea miaka yake ya mwisho, wageni walikuwa waje kuviangalia Alhamisi ijayo, na bila vioo hivyo hakuna kitu kingine cha kuwaonyesha.

Arthur Egesa Maloba alizaliwa tarehe 12 Machi 1984 hapa hapa Masinya, wilaya ya Busia, akiwa mtoto wa kwanza wa hayati Maloba, dereva wa malori ya masafa marefu, na mama Loy, mkulima wa muhogo na mtama, ambaye yuko mbele yenu. Baba yetu alifariki tarehe 21 Julai 1998 kwenye barabara ya Tororo kwenda Malaba, asubuhi yenye mvua, lori lake lilipoingia chini ya mkia wa trela lililokuwa limesimama kwenye foleni bila taa. Utingo wake alipona, alikuja kwenye mazishi na bandeji kichwani, akasimama karibu na mahali niliposimama mimi sasa, akasema maneno ambayo Arthur hakuyasahau, "Mzee aliangalia chini kidogo tu, geji ya breki ilikuwa inashuka, kuinua macho, trela iko ndani ya kioo." Arthur alikuwa na miaka kumi na minne. Hakulia siku ile, na kuna shangazi aliyemsema kwa hilo, lakini alimfuata utingo hadi barabarani akamuuliza geji ya breki iko upande gani wa usukani.

Alisoma shule ya msingi hapa Masinya kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, akaendelea na sekondari mjini Tororo kuanzia 1998 hadi 2003, akisomeshwa na mama kwa muhogo aliokuwa akiuvusha mpaka kwenda kuuza Busia ya Kenya, kisha akasomea fizikia chuo kikuu mjini Kampala kati ya mwaka 2004 na 2007. Mwaka 2008 alipata ufadhili wa kwenda mji wa Joensuu, nchini Finland, kusomea elimu ya mwanga, na alihitimu shahada ya uzamili mwezi Juni 2010. Katika simu yake ya kwanza kutoka kule alimwambia mama kwamba ziwa linaganda na watu wanatembea juu yake, mama akamwambia, "Wewe usitembee."

Mwezi Septemba 2010 aliajiriwa na kampuni moja ya Ulaya, ambayo jina lake silitaji kwa sababu mkataba wake ulimkataza, na akakaa huko hadi Desemba 2018. Kazi yake ilikuwa kuchora vioo vya kusafirishia mwanga. Najua hapa Masinya watu walisema anatengeneza miwani, na wengine walisema ni fundi wa madirisha, kwa hiyo nitaeleza kama yeye mwenyewe alivyomweleza mama, kwa sababu mama alielewa.

Kuna kifaa kinachowekwa mbele ya dereva ili spidi, geji na alama za barabara zionekane zikielea mbele ya lori, juu ya barabara yenyewe, na dereva asihitaji kuangalia chini. Kifaa hicho kwa kawaida ni kisanduku kikubwa chenye taa na vioo vya kujitazamia ndani yake, kinakaa chini ya dashibodi, na lori kuukuu kama lile la baba halina nafasi ya kisanduku hicho. Arthur alitaka kuondoa kisanduku na kuweka kipande cha kioo, chembamba kama sarafu mbili zilizopandana, ukubwa wa ukurasa wa daftari la shule. Mwanga wa picha unaingia kwenye kona moja kwa mshazari, unasafiri ndani ya kioo ukigonga uso wa juu na uso wa chini bila kutoka, na kila unapopita juu ya mistari midogo sana iliyochongwa kwenye uso wa kioo, mistari ambayo jicho haliwezi kuiona, unaachia sehemu yake itoke kwenda kwa dereva. Picha ni ile ile, lakini inatoka mahali pengi, na kwa hiyo dereva anaiona hata akisogea.

Ugumu wa kazi, alisema, ni ule ule wa kugawa chakula msibani. Mgawaji mwenye sufuria moja akijaza sahani za safu ya kwanza, wazee wa mbele wanashiba na wanawake wa nyuma wanakuta sufuria tupu, kwa hiyo lazima mwanzoni achote sehemu ndogo ya kilichomo, na kadiri sufuria inavyopungua achote sehemu kubwa zaidi, ili kila sahani ipate sawa. Mistari ya kwanza kwenye kioo lazima iwe bahili na ya mwisho iwe na mkono mzito, na kila mstari uhesabiwe kwa rangi tatu za mwanga kwa pamoja, kwa maana kinachofaa kwa nyekundu hakifai kwa buluu. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba basi hao Wazungu wangemwita yeye, kwani amegawa chakula kwenye misiba miaka thelathini na hakuna aliyerudi nyumbani na njaa.

Katika kampuni ile Arthur aligombana na wakubwa wake juu ya jambo moja. Walitaka kioo kiwe kidogo zaidi, na njia rahisi ya kukipunguza ni kupunguza nafasi ambamo jicho la dereva linaweza kuwa na bado likaiona picha. Walikipima kwa kichwa cha plastiki kilichofungwa kwenye kiti, na kichwa hicho kiliona vizuri. Arthur aliwaambia kwamba kichwa cha plastiki hakichoki, hakiegemei mlango, hakikalii mto, na hakigeuki kumjibu askari. Walimjibu kwamba gari litakalowekwa kioo hicho halitauzwa kwao Afrika. Kioo kilipunguzwa, kikatoka mwaka 2017 ndani ya magari ya kifahari, na hataza, yaani hati ya haki ya ubunifu, ya hesabu za kugawa mwanga, ambazo alizifanya yeye, ilisajiliwa kwa majina manne, na la kwake halikuwemo. Aliuliza sababu. Aliambiwa kwamba waliotajwa ni waliohudhuria kikao cha mwisho, na siku ya kikao hicho yeye alikuwa hapa, kwenye kaburi la bibi yetu. Sisi ndio tuliomwita.

Alirudi mwezi Januari 2019, akapanga chumba mjini Tororo nyuma ya duka la vipuri, na ndani ya chumba hicho akajenga hema la nailoni ili kuzuia vumbi, kwani wote mnaijua Tororo, ukifua shuka jeupe asubuhi unalianua jioni likiwa la kijivu. Alimpata Edimu, kijana wa kutoka upande wa Mukuju aliyekuwa akitengeneza simu, akamfundisha kazi. Walimimina gundi angavu juu ya kioo, wakakandamiza juu yake kalibu yenye mistari, yaani ule muhuri ambao rafiki yake mmoja alimchongea kwenye maabara kule Finland, wakaikausha gundi kwa taa ya urujuani, wakabandua kalibu, na mistari ikabaki kwenye kioo. Punje moja ya vumbi ilitosha kuharibu kazi. Vingi viliharibika. Aliyewahi kufika pale aliviona vilivyoharibika vimepangwa ukutani, na Arthur akiulizwa anavitunzia nini alisema ni darasa lake.

Maabara yake ya pili ilikuwa foleni ya Malaba. Alisema hakuna mahali duniani ambapo madereva wa kila umbo wanakaa wamesimama kwa ajili yako, bure, na hawana pa kwenda. Alikuwa anabeba kioo ndani ya fremu, betri, na taa ndogo ya kurushia picha, anapanda lori baada ya lori, anamwomba dereva akae kama anavyokaa siku zote, kisha anamuuliza kama anaona. Walimwita daktari wa vioo. Kuna dereva wa Mombasa aliyemwambia, "Daktari, hiyo kitu yako inionyeshe basi nitavuka lini," na Arthur akamjibu, "Inaonyesha spidi tu, mzee, na yako ni sifuri," na foleni nzima ilicheka, na tangu siku hiyo hakunyimwa lori la kupanda. Mzee Obbo wa Kirewa, ambaye yuko hapa na sisi, aliumia bega zamani na anaendesha akiwa ameegemea dirisha kama mtu anayepiga soga na jirani, na katika vioo vya kwanza hakuona kitu chochote. Arthur alirudi mezani akaanza upya kwa sababu ya bega la mtu mmoja. Mwezi Februari mwaka huu alimpandia tena Obbo na kioo kipya, Obbo akaegemea dirisha, akainama, akakaa wima, akaegemea tena, akasema, "Sasa imekubali kunifuata."

Vya namna hiyo vilipatikana sita. Mwezi Machi kalibu ilipasuka, rafiki aliyeichonga alikuwa ameshastaafu, na mashine ya kuchonga nyingine hatujui kama ipo Afrika Mashariki. Arthur hakufadhaika sana, alisema sita vinatosha kumwonyesha mtu mwenye macho. Kampuni moja ya upande wa Kenya inayounganisha malori ilikubali kuja Tororo kuviangalia, na tarehe ikapangwa, Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025. Kama wangeridhika, wangevichukua kwa malori yao chini ya jina lake, karakana ingeendelea, Edimu angebaki na kazi, na watoto wangekuwa na kitu cha baba yao kinachoishi. Kioo kingewekwa kwanza, alisema, kwenye malori makuukuu.

Kuhusu ndoa, Arthur alifunga ndoa na Patience Akello, binti wa Kirewa, wilaya ya Tororo, tarehe 14 Desemba 2013, kanisani Kirewa, na walijaliwa watoto wawili, Marvin, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2015, na Loy, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2018, ambaye amechukua jina la bibi yake pamoja na ukali wake. Patience ni mwalimu, na kwa miaka sita ndiye aliyelisha nyumba hiyo, jambo ambalo Arthur alilisema wazi kila alipokaribishwa chakula na watu.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo ukoo umelizungumza kwa muda mrefu. Arthur hakujenga hapa nyumbani. Mwaka 2021 alikuja na kamba, akapima, akapigilia vigingi vya nyumba pale karibu na migomba, akarudi Tororo, na mchwa wakala vigingi. Baba mdogo Obore, ambaye ndiye mkubwa wa mji huu tangu baba alipotutoka, alimwambia mbele ya watu siku ya Krismasi, "Egesa, unawamulikia Wazungu njia, hapa kwenu hata ukuta wa kuegemea huna," na watu wakacheka, na Arthur akacheka nao, akasema nyumba itakuja baada ya kioo. Mwaka uliofuata aliambiwa hivyo hivyo, na hakucheka. Mwaka jana hakuja Krismasi.

Alianza kuugua mwezi Septemba 2024, akichoka na kupungua mwili, na mwezi Novemba madaktari walibaini kwamba ini lake lilikuwa limeharibika kutokana na homa ya ini ambayo huenda alikuwa nayo tangu utotoni. Alitibiwa Tororo, akapelekwa Kampala mara mbili, akarudishwa Tororo. Alifanya kazi hadi mwezi Agosti mwaka huu, akiwa amekaa kwenye kiti nje ya hema la nailoni na Edimu ndani, akimwelekeza kupitia nailoni namna ya kuvipima vile sita. Siku ya Jumapili tarehe 5 Oktoba alituita mimi, Patience na Edimu kando ya kitanda, akatuambia, "Vioo msivishike na vidole. Waje wavione kwa macho yao, si kwa kusimuliwa." Alifariki siku ya Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Tororo, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Kwa kawaida historia ya marehemu inaishia hapo na kuingia kwenye shukrani. Familia imekubaliana niendelee kidogo, na waliohusika wamekubali.

Mnajua desturi yetu kwamba mwanamume mwenye watoto, asiye na nyumba yake, hawezi kulazwa ndani ya nyumba ya mama yake, na kwamba lazima asimamishiwe nyumba, hata ya usiku mmoja, aingie kwenye mlango wake na atoke kwenye mlango wake, la sivyo wanawe watabaki watu wa kubisha hodi kwa wengine. Baba mdogo Obore aliagiza nyumba hiyo ijengwe siku ya Alhamisi na Ijumaa. Majirani walileta miti, mabati na udongo, na fundi Imalingat aliisimamia. Patience, Edimu na mimi tulikuwa Tororo tukishughulikia mwili, hati na jeneza. Watu watatu tuliokuwa tunajua vioo vile ni nini tulikuwa mahali pamoja, na mahali penyewe hapakuwa hapa.

Desturi inataka pia kwamba nyumba ya marehemu iwe na vitu vyake, na kwa hiyo siku ya Alhamisi vijana wawili wa ukoo walikwenda Tororo na pikapu, mwenye nyumba akawafungulia chumba, wakapakia kitanda, meza, viti, nguo na masanduku yote waliyoyakuta, wakayaleta hapa. Hawakuacha kitu. Walisifiwa kwa hilo.

Nyumba ilikuwa na tundu la dirisha, na fremu ya mbao yenye nafasi sita ilitolewa na jirani aliyekuwa amebomoa jiko lake. Baba mdogo Obore alisema mtu aliyesoma hadi Ulaya hawezi kulala kwenye nyumba iliyozibwa kwa gunia, na akamtuma mtu kununua vioo. Alhamisi tarehe 9 mtu huyo alikwenda Busia ya Uganda, akakuta maduka ya vioo yamefungwa, ilikuwa Sikukuu ya Uhuru wetu. Ijumaa tarehe 10 akavuka kwenda Busia ya Kenya, akakuta nako wamefunga, ilikuwa sikukuu yao. Alirudi mikono mitupu, na wakati huo huo fundi Imalingat alikuwa amefungua sanduku moja la marehemu akitafuta misumari, akakuta vioo sita vimefungwa kwa kitambaa laini, vyote vya ukubwa mmoja, karibu kabisa na ukubwa wa nafasi za fremu. Waliokuwepo wanasema watu walipiga makofi. Baba mdogo alisema, "Mwaona, mtoto alikuwa ameshajinunulia dirisha, alikuwa anangoja tu nyumba."

Vilikuwa na kasoro moja tu. Ukivigeuza kwenye jua vilionyesha rangi, kama mafuta ya taa juu ya maji, na fundi alidhani ni uchafu wa mafuta. Rangi hizo ndizo mistari. Alichukua majivu na waya wa kusugulia masufuria, akavisugua vyote sita pande zote mbili, akavisuuza kwa Omo, akavifuta, na viwili ambavyo havikukaa sawa akavikata pembeni. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu, na hakuvunja hata kimoja.

Tulifika na jeneza Ijumaa alasiri. Edimu aliliona dirisha kabla gari halijasimama. Alisaidia kubeba, akangoja jeneza liingie na mlango urudishwe, kisha akaenda dirishani, akawasha tochi ya simu na kuiweka kwenye kona ya kioo cha kwanza, pale mwanga unapoingia, akaangalia kama unatoka. Akaenda cha pili. Alifanya hivyo kwa vyote, na watu wakadhani anakagua uimara wa kazi. Fundi Imalingat akamsogelea akamwambia, "Hizi kioo zilikuwa na uchafu mbaya, bwana Edimu, nimesugua mpaka imetoka yote, sasa ni kama maji. Hata asante hakuna?" Edimu akamwambia, "Asante, fundi. Zimetakata." Kisha akakaa chini ya dirisha, na ndipo alipo hadi sasa.

Baadaye mimi ndiye niliyemweleza fundi. Alinisikiliza, akavua kofia, akaomba jambo hili lisomwe mbele yake na asifichwe jina, kwa sababu, alisema, akienda nyumbani bila kulisikia mbele ya watu litamfuata. Baba mdogo Obore naye nilimweleza. Akasema, "Sisi tulitaka aingie kwenye nyumba yenye dirisha." Hilo ni kweli, na naliandika kama alivyolisema. Hakuna mtu hapa aliyeiba, aliyelewa au aliyemwonea Arthur wivu. Kila mtu alifanya lililo sawa kwa desturi, na kazi yote ya Arthur ilikwisha ndani ya siku moja.

Jana hiyo hiyo Edimu alipiga simu Kenya. Wageni walitoa pole, wakauliza kama kuna kioo kingine, akasema hakuna, akawaambia michoro na hesabu zote zipo kwenye kompyuta. Walisema michoro wanaletewa mingi, walichotaka kuja kukiangalia ni kioo, na kwamba wajulishwe siku kitakapopatikana. Kwenye kioo cha chini, upande wa kushoto, kuna sehemu ya ukubwa wa kiganja ambayo waya haukufika, na leo asubuhi jua lilipotokea upande wa Kenya ilitoa rangi kidogo juu ya jeneza. Mama aliuliza kama hiyo inatosha. Edimu alimwambia haitoshi kuonyesha hata namba moja ya spidi. Aliomba angalau akitoe kioo hicho aondoke nacho, na wazee wakamjibu kwamba kilichoingia kwenye nyumba ya marehemu hakitolewi, nyumba hii haitakarabatiwa wala kubomolewa, itaachwa ianguke yenyewe na vyote vilivyomo. Ameambiwa hivyo kwa upole, na ameheshimu.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mama na dada mmoja. Jina lake halimo kwenye hataza ile, na halitakuwemo kwenye lori lolote. Barabara ya Tororo kwenda Malaba bado ina foleni, matrela bado yanasimama bila taa, na madereva mliokuja leo mtarudi huko jioni, mkiangalia chini kwenye geji kama alivyoangalia baba yetu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Tororo na Kampala waliotuambia ukweli mapema, mchungaji na waumini waliosali nasi, walimu wenzake Patience waliobeba vipindi vyake, na wakwe zetu wa Kirewa. Nawashukuru majirani kwa miti, mabati, udongo na fremu. Namshukuru mzee Obbo na madereva wote wa foleni, mliokaa kwenye viti vyenu mkasogeza vichwa kila alipowaomba, ninyi ndio watu pekee mliowahi kuona alichokiona, na nawaomba mkiulizwa mseme kwamba mliona. Namshukuru Edimu. Namshukuru baba mdogo Obore kwa kutoacha mtoto wa kaka yake alazwe nje, na fundi Imalingat kwa kazi ya siku mbili ambayo hakuidai kitu.

Arthur, mwana wa Maloba, pumzika sasa. Hakuna atakayekuuliza tena unalala wapi. Nyumba unayo, na dirisha lake ni safi.